Majina Yote Yasiyo ya Mwasisi

Kuna watu wakionyeshwa kisima cha bure wanakunywa, wanashukuru na kwenda zao. Mwasisi alikuwa mtu wa kunywa, kujifuta mdomo, halafu kubandika kibao kisimani kwamba kisima kakichimba yeye.

Hilo jina la Mwasisi alijipa mwenyewe. Mlangoni kwake palikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa "Mwasisi na Mbunifu Mkuu", na chini yake, kwa herufi ndogo, "Gonga kwanza". Kampuni yote ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la rangi: chumba chake, chumba cha mkutano chenye meza ya kioo na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, na karakana ya nyuma ambako kazi ilifanyika. Ubunifu Mkuu haukuwahi kuonekana karakanani zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili ulikuja kuazima mkasi.

Karakanani alikaa Risasi. Alikuwa dada wa miaka thelathini na minne, fundi wa zile kompyuta ndogo zinazofichwa ndani ya mashine, na jina alilipata kwa sababu ya risasi ya kuchomelea, ile waya laini inayoyeyuka, ambayo harufu yake haikumtoka nguoni hata siku za harusi. Wageni wasiojua asili ya jina hilo walimsalimia kwa heshima iliyopita kiasi, naye hakuwasahihisha.

Kwa miezi minane Risasi alikuwa akitengeneza kidude cha kuchunga friji za damu za hospitali. Kilikuwa bodi moja ya ukubwa wa kiganja, sensa ya joto, yaani kihisi cha kupima joto, kioo kidogo na king'ora. Friji ikianza kupata joto, kidude kinapiga kelele na kutuma ujumbe kwenye simu ya mtu wa zamu, damu isije ikaharibika watu wakisinzia. Ndani ya kidude hicho mlikuwa na Linux.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana Mwasisi alielezwa mara nyingi na hakuelewa hata mara moja. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioandikwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja akileta kipande chake, wakauacha wazi. Unauchukua bila kulipa. Unausoma wote, unaukata, unaushona upya utoshe kwenye kidude chako, na ukitaka unauza kidude hicho na kutajirika. Masharti yake hayazidi adabu ya kawaida: majina ya walioandika usiyafute, na uliyemuuzia akitaka kuona kilichoandikwa, mpe. Risasi alikuwa ameukata na kuushona mpaka ukaenea kwenye ile bodi ya kiganja na kuamka kwa sekunde sita. Kazi safi, ya kujivunia, na wa kujivunia alijitokeza haraka.

Hospitali kumi na mbili zilitangaza zabuni ya pamoja ya vidude vya namna hiyo. Sharti lilikuwa kwamba muuzaji akabidhi msimbo wote, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, ili mafundi wa hospitali waweze kujitengenezea wenyewe siku ya shida. Mwasisi alisoma sharti hilo mara tatu, akapata wazo, akaja karakanani. Safari hii hakutaka mkasi.

"Risasi, huu mfumo wetu unaitwaje?"

"Linux, bosi."

"Hapana. Kuanzia leo unaitwa Fahari. Sasa, nimefungua yale mafaili yako nikakuta yamejaa majina ya watu. Mengine hata kuyatamka siwezi. Hawa wote wanafanya kazi kwa nani?"

"Sio wa kwetu, bosi. Ndio waliouandika."

"Basi watoe."

"Leseni hairuhusu. Kutumia ni bure, lakini majina yao lazima yabaki."

"Bure ni bure! Ukiokota kalamu njiani utaitisha mkutano wa hadhara kuuliza ni ya nani? Wateja watasoma humu. Wakisoma, wamwone Mwasisi. Basi."

Risasi aliweka chini pasi yake ya kuchomelea. "Langu pia limo, bosi."

"Lako? Liliingiaje?"

Liliingia kwa jasho. Miaka mitano kabla ya hapo, akiwa hana kazi na anaishi sebuleni kwa kaka yake, Risasi aligundua kwamba ile sensa ya joto haikuwa na draiva kwenye Linux, yaani kile kipande cha msimbo kinachoiwezesha kompyuta kusikilizana na kifaa fulani. Akaandika yeye. Akaituma kwa msimamizi wa sehemu hiyo, mtu wa mbali ambaye hajawahi kumwona, mkali kuliko mama mkwe, naye akairudisha mara nne: hapa pana nafasi imezidi, hapa umesahau kuachia kumbukumbu, hapa sijakuelewa. Mara ya tano ilikubaliwa. Kuanzia siku hiyo jina lake la kwanza na la baba yake yakakaa juu ya faili hilo, na popote duniani sensa ile ilipotumika na Linux, jina lake lilikuwemo.

Alichapa ukurasa ule mmoja akampelekea mama yake. Mama hakuelewa chochote isipokuwa jina, na jina lilimtosha. Aliuweka kwenye bahasha ya nailoni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe wote, na kila mgeni aliyekuja alitolewa bahasha. "Jina la mwanangu limo kwenye mashine za dunia nzima," alisema. Jirani mmoja aliuliza kwa huruma kama kesi imeisha. Mama hakuvunjika moyo. Aliposikia kwamba kidude cha friji huenda kikawekwa kwenye hospitali anakokwenda kliniki kila mwezi, alimwambia Risasi, "Wakishakifunga utanipeleka nikione. Nikiguse tu, halafu nirudi kwangu." Risasi alimwahidi.

Hayo yote hakumweleza Mwasisi. Alisema tu kwamba aliiandika zamani, kabla hajaajiriwa.

"Toa na hilo," Mwasisi akasema. "Mteja akiona majina mawili atauliza bosi ni nani."

"Nipe kwa maandishi, bosi."

Kwa watu wengine ombi kama hilo ni onyo. Kwa Mwasisi lilikuwa sifa, maana alikuwa na kalamu ya wino aliyoinunua kwa ajili ya kutia sahihi na hakuwa na vitu vya kutosha vya kutiwa sahihi. Alirudi baada ya dakika kumi akiwa na karatasi yenye nembo, mhuri na sahihi ndefu inayozunguka kama njia ya konokono: "Naagiza yafutwe majina yote yasiyo ya Mwasisi katika mfumo wa Fahari, bila kubakiza hata moja, likiwemo la Risasi, na mahali pake pawekwe jina la Mwasisi." Risasi aliikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Ikaja Jumanne. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, programu fupi ya kupita faili kwa faili, ikikuta jina na anwani ya mtu inafuta na kuweka majina matatu ya Mwasisi. Risasi aliifanya kwa uaminifu uliokithiri. Aliambiwa majina, akafuta majina. Tarehe hakuambiwa. Yale maelezo madogo ambayo waandishi huachiana pembeni ya msimbo, ya kuonyana, kutaniana na kuomba radhi, nayo hakuambiwa. Mpumbavu akikupa amri iliyoandikwa vizuri, mtekelezee herufi kwa herufi, wala usimwongezee akili yako.

Faili lake mwenyewe aliliacha mwisho. Nakala ya dunia ingebaki na jina lake, hilo alilijua, lakini nakala hii ndiyo iliyokuwa inakwenda kwenye zile friji. Angeweza kuliruka, asingejua mtu. Ila Mwasisi alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa, anapuliza.

"Sasa tafuta jina lako nione."

Risasi akatafuta. Kioo kikajibu kwamba jina hilo halipatikani.

"Safi," Mwasisi akasema, akampigapiga begani kama mtu anayetuliza ng'ombe. Iliuma. Risasi aliinama akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza mpaka yule mtu akaondoka.

Ijumaa asubuhi alikuja Mama Vifaa. Huyu alikuwa mkuu wa karakana ya vifaa katika hospitali kubwa kuliko zote kumi na mbili, na zote zilimtuma yeye kwa sababu moja: hadanganyiki. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, bisibisi kwenye mkoba mahali ambapo wengine huweka manukato. Alikaribishwa kwenye meza ya kioo. Upande wa pili alikaa Mwasisi kwa suti, na pembeni yake mkewe, Mama Mhasibu, aliyekuwa akiendesha hesabu za kampuni, na ukitaka ukweli, ndiye aliyekuwa akiiendesha kampuni.

"Na huyu ni Risasi," Mwasisi akasema, "anatusaidia kushikilia waya. Hebu tuletee chai, Risasi."

Risasi akaenda kuleta chai. Aliporudi na sinia, Mwasisi alikuwa ndiyo kwanza anawasha kidude kwa madaha, kidole juu. Kioo kikawaka. Linux inapoamka, kuna desturi ya kuonyesha pengwini mdogo juu ya kioo, mmoja kwa kila kiini cha kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Mwasisi alikuwa ameagiza pengwini atolewe, iwekwe picha yake. Bodi ilikuwa na viini vinne. Wakatokea Mwasisi wanne, kila mmoja wa ukubwa wa kucha, wamejipanga mstari na tai zao, wanatabasamu.

"Viini vinne hivyo," Mama Vifaa akasema.

"Ina kila kitu, mama."

"Nimejua kwa kuhesabu. Kwangu hapo hukaa pengwini wanne."

Mwasisi akacheka kicheko cha mtu ambaye hajaelewa lakini hataki kuachwa nyuma. Kisha akatoa kitu alichokuwa amekificha chini ya meza. Kilikuwa kitabu, jalada gumu la buluu, kurasa mia nane, na kwa herufi za dhahabu: "FAHARI. Juzuu ya Kwanza. Kimeandikwa na Mwasisi." Msimbo mzima ungejaza lori, kwa hiyo alichapisha kipande tu cha kukabidhi kwa heshima. Mpiga chapa alikuwa ameuliza kama ni katiba.

"Yote hii umeandika wewe?" Mama Vifaa akauliza.

"Mstari kwa mstari."

Mama Vifaa akavaa miwani. Msimbo wa kompyuta kwa watu wengi ni mchoro tu, lakini yeye aliusoma kama mtu anavyosoma barua kutoka nyumbani, kidole kikishuka taratibu, na palipokuwa na maelezo ya pembeni alitafsiri kwa sauti.

"Hapa umeandika, 'Sielewi kwa nini hii inafanya kazi. Msiiguse.'"

"Ni... tahadhari ya kitaalamu."

"Chini yake: 'Niliandika hii baada ya bia sita. Kesho nitairekebisha.' Ni jina lako hili?"

Mama Mhasibu aligeuza shingo polepole. "Baba Watoto, si uliniapia kwamba hunywi?"

"Ni lugha ya picha," Mwasisi akasema.

"Na hapa." Mama Vifaa akafunua kurasa kadhaa. "'Namshukuru mke wangu kwa kunivumilia miezi sita nikiandika faili hili.' Tarehe ni ya elfu moja mia tisa tisini na mbili."

Tone la kiyoyozi likaanguka kwenye ndoo. Mama Mhasibu alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii haikuhitaji mashine.

"Tisini na mbili," akasema. "Tisini na mbili mimi na wewe tulikuwa darasa la tatu. Tulikaa dawati moja. Kamba za viatu nilikuwa nakufungia mimi. Mke gani huyo aliyekuvumilia miezi sita?"

"Mama Watoto, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea sana."

Risasi alikuwa bado amesimama na sinia, vikombe vinagongana kidogo kwa kicheko alichokibana. Lakini kicheko kilimkatika pale Mama Vifaa alipofika kwenye ukurasa mwingine na uso wa mama huyo ukabadilika. Hakuwa anatania tena.

"Faili hili nalifahamu," alisema. "Hii ni draiva ya sensa ya joto. Mwaka juzi friji yangu ya damu ilikuwa inasoma nyuzi nne wakati ndani ni kumi na moja. Nilimwandikia aliyeandika draiva hii, anwani yake ilikuwa hapa juu, hapa hapa. Simjui, hanijui. Alinijibu ndani ya saa moja, akanielekeza, mchana akanitumia marekebisho. Hakunidai hata shukrani. Damu ile tuliiokoa, na wiki hiyo hiyo ilitumika wodi ya wazazi." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Leo mahali pa jina lake lipo lako. Haya, Mkurugenzi. Nieleze mstari huu unafanya nini."

Mwasisi aliutazama mstari. Mstari ukamtazama. "Huo," alisema, "ni mstari wa muhimu sana."

Mama Vifaa akavua miwani na kulitaja jina. Alilitaja kamili, la kwanza na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, katikati ya chumba kile. Risasi alisikia joto limempanda mpaka masikioni. Mama Mhasibu, ambaye kila mwisho wa mwezi aliandika jina hilo kwenye karatasi ya mishahara, akamtazama msichana wa sinia.

"Mdogo wangu," akasema taratibu. "Si wewe huyo?"

Mwasisi alikuwa na vipaji vichache, lakini cha kubadilika alikuwa nacho. Aliruka kwenye kiti. "Ndiye! Ndiye huyu! Mfanyakazi wangu, nimemlea mwenyewe! Sikutaka kumtaja nisije nikamharibu kichwa. Unaona mama, mtu wako yuko hapa hapa kwetu! Jina tutalirudisha, ukurasa mmoja tu, kesho asubuhi liko tayari. Risasi, mwambie mama. Mwambie!"

Wote wakamgeukia. Risasi alielewa vizuri sana alichoulizwa. Neno moja, ndiyo, na zabuni ingebaki mezani. Friji zingefungwa vidude, mama yake angepelekwa kukigusa na kurudi kwake akiwa na raha. Na yeye angekuwa amerudishiwa jina lake kwa hisani, na mtu yule yule aliyelifuta huku anapuliza kahawa, wakati wale maelfu wengine, pamoja na yule mkali wa mbali aliyemrudisha mara nne mpaka akajua kazi, wangebaki wamefutwa, hawana wa kuwasemea.

Aliweka sinia mezani.

"Hapana, mama," alisema. "Huyo hapa hayupo. Alifutwa Jumanne."

Akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa koti, akaikunjua mikunjo yote minne na kuisukuma juu ya kioo, upande wa Mama Vifaa. Nembo, mhuri, sahihi ya konokono. Mama Vifaa akasoma mpaka mwisho, akarudia maneno mawili kwa sauti, "likiwemo la," kisha akamtazama Risasi. Mama Mhasibu alinyoosha shingo akasoma pia. Mwasisi alinyoosha mkono kuichukua, na mkewe akaupiga ule mkono kofi dogo, kama anavyopigwa mtoto kwenye sahani ya wageni.

"Naweza kubaki nayo?" Mama Vifaa akauliza.

"Chukua, mama."

"Na huyo aliyefutwa, siku hizi anapatikana wapi?"

"Anwani ni ile ile," Risasi akasema. "Mwandikie."

Akavua koti la kazi aliache hapo mezani, lakini akakumbuka kwamba simu yake imo mfukoni, akalining'iniza mkononi. Nyuma yake Mwasisi alikuwa ameanza kusema kwamba karatasi ile ni rasimu tu, na kwamba sahihi za siku hizi mtu anaweza kuzighushi, naye Mama Mhasibu alikuwa anamuuliza tena kuhusu mwaka wa tisini na mbili. Mama Vifaa hakuwa anamsikiliza yeyote. Alikuwa amechukua simu yake na kuinamia, anaandika kwa kidole kimoja.

Simu ya Risasi ilitetemeka kabla hajafika karakanani. Alizima pasi kwanza, akachomoa waya, ndipo akaisoma.